Jedwali la Mboni

Nimepotosha watu, nisameheni. Kila penye sherehe huwa nasema Mboni na Luqmani walikutanishwa na mapenzi. Walikutanishwa na foleni. Steshenari ya Ngamiani, mwisho wa mwezi, watu wamebanana, mashine inatapika karatasi na kila mtu anadai yeye ndiye aliyetangulia.

Mboni, binti wa mtaa wa Mabawa, karani wa duka la viungo la Bi Noorjehan, alivaa baibui la kijivu na ushungi wa zambarau. Alishika fleshi yenye hesabu za kodi ya mishahara. Fundi wa kompyuta pale alikuwa Luqmani, shati limenyooka, udi unamtangulia. Akaifungua fleshi, akacheka.

"Dada, kodi umeipiga kwenye Word?"

"Kwani dhambi?"

"Si dhambi, ni mateso. Word ni ya barua. Jedwali lake linapendeza, ila ukibadili mshahara, kodi inabaki vile vile mpaka uiguse wewe."

"Basi niwekee ile Access, ya kumbukumbu nyingi. Wenzangu wanaisifia."

"Duka moja lile? Hiyo ni kukodi lori ukachukue fungu la mchicha. Chukua Excel. Mshahara unaandika hapa, kodi inatoka pale. Nitakutengenezea."

"Bei gani?"

"Namba yako ya simu."

Mboni akasonya, huku anaitaja.

Jedwali likaja, likahesabu kweli. Ila lilifungwa kwa neno la siri. Mfanyakazi akiongezeka, mstari hauongezeki mpaka Luqmani aitwe.

"Mbona umelifunga, mpenzi?"

"Usije ukafuta fomula bahati mbaya. Halafu nisipolifunga, utanipigia kwa lipi?"

Mboni akacheka. Nani asingecheka? Posa ikaja, wazee wakala halua, wakaridhia.

Kisha Luqmani akaichukua simu ya Mboni aisafishe virusi. Iliporudi, barua pepe ikadai neno la siri ambalo Mboni halijui.

"Ukitaka kusoma, niambie nikufungulie, mahabuba. Kwa usalama wako."

Safari hii Mboni hakucheka.

Mwezi ulipoisha, Bi Noorjehan alikuwa ameajiri mchukuzi mpya, Uweso. "Mboni, mwanangu, naye umtie. Leo hii. Mwezi uliopita ulichelewesha watu. Ukirudia, nitatafuta karani mwingine."

Mboni akapiga simu.

"Luqmani, nipe neno la siri, watu wanasubiri mishahara."

"Jana sokoni ulisimama na nani?"

"Mteja wa iliki. Nipe basi."

"Jina lake?"

"Luqmani, nitafukuzwa kazi!"

"Si afadhali? Mke wangu afanye kazi ya nini?" Akacheka kile kicheko chake kitamu, akakata.

Mboni akaiweka simu mezani. Halafu akafungua Excel mpya, tupu. Akaandika majina, akaandika mishahara. Fomula ya kwanza ikamtoza Uweso kodi kubwa kuliko mshahara wake. Masikini mchukuzi, hata hajabeba gunia! Mboni akacheka peke yake, akafuta, akaandika tena. Akalinganisha na kodi za mwezi uliopita. Zikaoana. Akahifadhi, bila kufunga kitu.

Bi Noorjehan akapitia, akatia sahihi, akaenda nyumbani kula. Wengine wakaenda kuswali adhuhuri. Mboni akabaki na feni na harufu ya karafuu.

Udi ukaingia kabla ya sauti. Mboni akaliwahi komeo la mlango, akalisukuma.

"Mahabuba, nimekuja mwenyewe. Nikufungulie jedwali, yaishe."

Mlango ukatikiswa, polepole.

"Ulidhani nimekasirika? Mimi?"

Ukatikiswa tena, kwa nguvu.

"Najua umo, feni naisikia."

Mboni akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa magunia.

"Mboni. Nifungulie."