Pacha wa Rehu

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Semat aliamka, akaanika shayiri ya pombe juu ya mkeka, akamfukuza mbuzi wa jirani, akamtukana. Mbuzi hakujali, kwa hiyo akamgeukia mwenye mbuzi.

"Mfunge mnyama wako, Inet. Siku moja utamkuta chunguni mwangu."

"Utamtafuna kwa meno yapi?" Inet akamjibu kutoka upande wa pili wa ua. "Huyo mgumu kuliko mume wangu."

Inet huyo ndiye bibi yangu, mzaa mama, na ndiye aliyetuachia habari hii. Semat alimsimulia yote mwishoni, alipokuwa hawezi tena kunyanyuka mkekani.

Semat alikuwa mkunga wa mji wetu wa Nekhen. Karibu kila mtu aliyepita njiani alikuwa amepita kwanza mikononi mwake, naye hakuona haya kumkumbusha. "Wewe ulitanguliza matako," angemwambia mwanamume mzima mbele ya wakwe zake. Watu walicheka, na walimwamini. Mtoto akizaliwa, Semat alihesabu vidole vyake kwa sauti pale mlangoni ili walio nje wasikie: kumi vya mikono, kumi vya miguu. Kisha alichukua kondo la nyuma, akalipaka magadi, akalikausha na kulihifadhi katika chungu kidogo hadi mtoto aote meno na mama yake aje kulichukua akalitie mtoni kwa heshima. Sisi watu wa Nekhen tunajua kwamba kondo ni pacha. Wanakuja wawili, mmoja anaishi na mwenzake anampisha. Huwezi kumtupa aliyekupisha kama maganda ya kitunguu.

Vyungu viwili tu havikuwahi kuchukuliwa. Kimoja kilikuwa cha Rehu, aliyekuja kuwa mkuu wa mji, ambaye mama yake alifariki kabla hajaota jino. Cha pili kilikuwa cha Henku, mtoto wa pekee wa Semat mwenyewe. Kila mwaka alisema atalipeleka mtoni, na kila mwaka moyo ulimgomea. Henku alikuwa mtu mzima sasa, mpika pombe, mcheshi kama mama yake. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikatwa na mundu wa jiwe alipokuwa mdogo, akawa akiwaambia watoto wa jirani kwamba alikila mwenyewe siku moja alipokuwa na njaa.

Mwaka huo mto ulikuwa haujapanda, na mwaka uliotangulia haukupanda pia. Siku zile mkuu wa Nekhen alikuwa mtu kama watu. Alikula samaki na wenzake, na akijamba alichekwa. Kazi yake ilikuwa moja tu, maji yaje. Yasipokuja, ndugu zake walimkamata wakampeleka mtoni, wakamkandamiza chini ya maji hayo hayo machache hadi atulie, kisha wakachagua mwingine. Ndugu za Rehu walikuwa wameshaanza kumtazama mara mbili mbili.

Kabla jua halijawa kali, Kaapu, mjomba wake Rehu, alisimama mlangoni kwa Semat.

"Mkunga, lile kondo la Rehu unalo?"

"Ninalo. Kwani mimi fisi?"

"Nipe. Leo watu wataambiwa kwamba pacha wa Rehu hakufa. Alipaa akawa kipanga, na yeye ndiye ameyashika maji huko juu. Rehu na pacha wake ni kitu kimoja. Sasa nani atathubutu kumzamisha kipanga?"

Semat akacheka. Kaapu hakucheka.

"Nikirudi mikono mitupu," akasema polepole, "wanampeleka mtoni leo hii."

Semat akaingia ghalani. Chungu cha Rehu kilikuwa mahali pake, ila kifuniko cha udongo kilikuwa na tundu pembeni. Akaingiza vidole. Ndani mlikuwa na vumbi na mavi ya panya. Hakuna kingine.

Masikio yakamwaka moto. Angeweza kutoka akasema, panya wamelila, basi. Lakini akawaona wanawake wote wa Nekhen wakija mlangoni kuuliza kama vya kwao viko salama. Akamsikia Inet akicheka. Maisha yake yote alikuwa akitembea kifua mbele kwa sababu ya vyungu vile. Nje, Kaapu akakohoa.

Mkono wake ukaenda kwenye chungu cha pili.

Nyama kavu ni nyama kavu, alijiambia. Nani atajua? Akamkabidhi Kaapu kondo la Henku bila kumtazama usoni.

Adhuhuri hiyo watu walikusanyika kwenye uwanja wa nguzo. Kondo lilikuwa limefungwa katika mfuko wa kitani, likatundikwa juu ya mti mrefu mbele ya Rehu. Kaapu alichinja fahali, akaupaka mfuko damu, akaumwagia pombe. Akawaambia watu wapige magoti, kwani yule waliyemzoea hayupo tena. Aliyesimama mbele yao ni mungu, na kuanzia leo asitazamwe usoni. Mmoja akapiga magoti. Kisha wote.

Mfuko ukatikisika. Upepo haukuwepo.

Semat aligeuka kumtafuta mwanawe miongoni mwa wabeba mitungi. Henku alikuwa amejishika kitovu kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa myekundu.

"Umekula nini?" alimuuliza walipofika nyumbani.

"Sijala kitu, mama. Ila nimeshiba." Akajilamba. "Nimeshiba nyama."

Maji yalikuja. Yalikuja mengi, mekundu, yenye rutuba, watu wakalia kwa furaha, na hakuna aliyeuliza tena kama Rehu ni mungu. Kila sikukuu mfuko ulilishwa damu na pombe, na kila sikukuu Henku alirudi ameshiba bila kutia kitu kinywani. Akanenepa. Akaacha mizaha. Alikaa uani akitazama juu bila kupepesa macho, hata jua likiwa utosini. Vipanga wakaanza kutua juu ya paa la Semat. Uwanja wa nguzo ulikuwa umetengwa kwa ajili yao na hawakutua huko hata mmoja. Walikaa juu ya paa lake wamejipanga, vichwa vimeinama, wakichungulia ndani.

"Shoga, una nini humo?" Inet alimuuliza siku moja. "Umezika samaki?"

Semat alisema ni panya. Ulimi wake uliona haya kulitaja neno hilo.

Kisha Rehu akamwita.

Alimkuta nyuma ya pazia la mafunjo. Mbele yake sinia za nyama na mikate zilikuwa zimejaa pomoni, na yeye mwenyewe alikuwa amebaki mifupa. Semat aliinamisha uso kama ilivyoamriwa.

"Nitazame," Rehu akanong'ona. "Wewe ndiye uliyenikata kitovu. Nitazame tu, Mama Mkunga. Hakuna anayenitazama tena."

Akamtazama. Macho yalikuwa yale yale ya mtoto aliyewahi kumwogesha kwa maji ya vuguvugu.

"Nakula mpaka natapika," Rehu akasema. "Sishibi. Na yule pale juu ya mti, nikisimama karibu naye nasikia baridi. Hanijui. Niambie kweli. Ni wangu?"

Neno lilikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi. Ni la mwanangu, panya walilila lako, nisamehe. Maneno machache tu. Nje ya pazia walinzi waliguna wakicheka jambo lao.

"Ni wako, mwanangu," Semat akasema.

Rehu akatikisa kichwa taratibu. "Basi mbaya ni mimi." Akaushika mkono wake, akaubusu. "Asante kwa kuniambia."

Semat alirudi nyumbani kwa njia ya mbali, ile ya nyuma ya mazizi, asikutane na mtu. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Rehu alikufa kabla ya mavuno. Walimchimbia chumba kikubwa ardhini, wakakizungushia nguzo na mikeka, na juu wakajenga mlango wa kuzibwa kwa udongo. Kaapu alitangaza kwamba pacha atakwenda na mwenzake. Mfuko ungewekwa juu ya tumbo la maiti, na mlango ungezibwa mchana watu wote wakiona.

Asubuhi ya siku hiyo Henku hakuamka vizuri.

"Mama," akaita, "mbona giza?"

Jua lilikuwa limejaa ndani ya nyumba. Lilimpiga usoni.

"Mama, kuna mtu amelala hapa. Ni baridi." Akavuta pumzi, ikakwama. "Mwambie asogee."

Semat alimshika kichwa. Nywele zake zilikuwa na mchanga. Akampangusa, mchanga ukaja mwingine. Ulikuwa ukimwagika kidogo kidogo kutoka mahali asipopaona.

Alimwita Inet akae naye, akatoka mbio. Alikimbia na uzee wake wote, kano za miguu zikimuuma, akipiga kelele moyoni kwamba atasema, safari hii atasema, hata wamzamishe yeye.

Alifika wakati mlango umekaribia kwisha kuzibwa. Kilikuwa kimebaki kitundu kimoja cha kuingiza kichwa cha mtoto. Kaapu alisimama kando yake na bonge la udongo mkononi. Mji mzima ulikuwa umepiga magoti.

"Ngojeni," Semat akasema.

Watu wakageuka. Aliwaona. Wanawake aliowazalisha wakiwa na watoto aliowazalisha, mgongoni, mapajani, kila sura ikimtazama kwa imani ileile. Mama mmoja kijana alimtabasamia. Chungu cha mwanawe mchanga kilikuwa kwa Semat.

"Una neno, Mkunga?" Kaapu akauliza.

Kutoka kwenye kitundu akasikia sauti. Ndogo. Ilikuwa ikihema.

Alifungua kinywa. Mto ulikuwa mbali na hakuuogopa. Aliogopa zile sura, jinsi zitakavyobadilika.

"Nimekuja kumuaga," akasema.

Kaapu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamtilia lile bonge la udongo mkononi.

"Basi muage. Wewe ulimpokea, wewe mfungie."

Semat akaupachika udongo kwenye kitundu. Akaulainisha kwa kiganja chake, vizuri, kama alivyozoea kufunika vyungu. Kuhema kukakoma.

Nyumbani alimkuta Inet amesimama katikati ya ua na kata ya maji mkononi.

"Nilikwenda mtungini tu," Inet akanong'ona. "Mtungini tu, hapo. Niligeuka, hayupo."

Ua ulikuwa umefagiwa asubuhi. Juu ya mchanga palikuwa na nyayo za Inet, na za Semat akitoka. Hakuna nyingine. Mkeka wa Henku ulikuwa na umbo la mtu aliyelala kiubavu, limelowa, na nyumba nzima ilinuka udongo mbichi. Juu ya paa hapakuwa na kipanga hata mmoja.

Asubuhi iliyofuata watu walikuwa wakikimbilia makaburini wakiimba. Inet alimshika Semat mkono wakafuata.

Pale kwenye mlango, mahali Semat alipopalainisha mwenyewe, palikuwa na alama ya mkono. Haikubonyezwa kutoka nje. Udongo ulikuwa umetuna kuja kwao, kiganja kizima cha kushoto, na mistari yake, kimesukumwa kutoka ndani. Vidole vinne. Cha mwisho kilikuwa kigutu.

"Ametuaga!" Kaapu alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. "Mungu wetu ametupa mkono!"

Lakini watu walinong'ona. Baadhi yao walikuwa wamecheza na Rehu utotoni. Mzee mmoja alisema hakumbuki kama mkuu alikuwa na kilema. Mnong'ono ukakua. Kaapu akajipangusa uso, akageuka.

"Mkunga yupo hapa," akasema. "Yeye ndiye aliyemhesabu. Mkunga, Rehu alizaliwa na vidole vingapi vya mikono?"

Semat aliutazama ule mkono. Aliujua. Aliwahi kuufunga kwa kitambaa na asali, akaupuliza, akauimbia hadi mwenyewe akasinzia. Bibi yangu Inet alikuwa kando yake na alikuwa amekwisha kuelewa, kwa sababu naye aliujua mkono ule. Ulikuwa ukimpokonya vitunguu tangu ulipokuwa mdogo. Akasubiri Semat aseme.

"Tisa," Semat akasema.

Watu wakaanguka kifudifudi. Inet akamwachia mkono.

Tangu siku hiyo kila mfalme wa Nekhen, siku anapofanywa mungu, hupelekwa pale kwenye mlango na kuweka mkono wake wa kushoto juu ya ule, kidole cha mwisho amekikunja. Ni heshima kubwa, watu hulia. Semat hakuzalisha tena. Vyungu vyote alivirudisha kwa wenyewe, na alipokuwa akivirudisha alitazama chini.

Kwetu udongo uliopakwa asubuhi, adhuhuri umekauka na jioni umepasuka. Mlango mzima wa kaburi lile umepasuka na kumomonyoka, wameukarabati mara nyingi. Ule mkono tu ndio bado mbichi. Nimekwenda kuutazama mwenyewe, na nikaweka kiganja changu pale, kama wanavyofanya wote. Ulikuwa baridi. Nikabonyeza kidogo. Upande wa pili ukabonyeza pia.