Ukiitwa Juu, Usiitike

Nyumba ya makumbusho ilikuwa haijakaliwa na mtu miaka mingi, lakini ngazi zake zilinukia marashi, kana kwamba kuna mwanamke amepita sasa hivi akielekea arusini.

Dada mkubwa ndiye aliyeyasikia kwanza. Safari hii ya siku moja kwenye mji mkongwe, wenye vichochoro vya mawe na maua madirishani, ilikuwa wazo la mdogo wake, aliyerudi kutoka ughaibuni mazishi ya mama yakiwa yamekwisha kitambo, na miwani ya jua usoni, kana kwamba kilichopungua baina yao ni picha. Mkubwa ndiye aliyemuuguza mama. Alimgeuza, akamwogesha, akamlisha. Alichotaka ni kuambiwa asante tu, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Bibi mtunza funguo wa makumbusho aliwatembeza vyumba vya chini, kisha akashusha sauti.

"Huko juu tazameni tu. Ukiitwa, usiitike. Ukiitika, kitakufuata."

Mdogo akacheka, akauliza kama na hilo limo kwenye kiingilio.

Juu, mkubwa alikuwa akitazama paa za vigae dirishani aliposikia ubao wa sakafu ukilia chumba cha pili, halafu kikohozi kidogo, halafu sauti ya mama yao, nyororo, ile ya enzi za afya yake, ikiuliza, "Kitinda, umekuja mwanangu?" na marashi yakazidi, na alipokimbia kwenda kumziba mdogo wake mdomo alimkuta amekwisha piga magoti mbele ya kiti kitupu, machozi yanamtiririka, anasema, "Abee, mama. Nimekuja."

Njia nzima ya kurudi mdogo aliendesha gari akitabasamu. Marashi yalijaa ndani, na kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea.

"Amenisamehe, dada. Amesema hana kinyongo na mimi."

"Mama hakutamka neno mwaka mzima," mkubwa alijibu kwa sauti ya chini, akiogopa kugeuka. "Kiharusi kiliondoka na sauti yake. Alikuwa akiniita kwa kijiko, anagonga kikombe. Hayo marashi hakuyapaka tena, alinuka dawa ya kuchua. Ungekuja ungejua."

Mdogo alikaza macho barabarani. "Una wivu," alisema, akaongeza mwendo.

Jioni mkubwa alishuka mbele ya nyumba yake, akaubamiza mlango wa gari. Kishindo kilisikika mara mbili, cha pili kama cha mlango wa nyuma. Gari likaondoka, naye akabaki kibarazani roho ikimuuma. Hata jini limekwenda kumbembeleza yule ambaye hakuwahi kufua shuka moja.

Alipoingia ndani, hakukuwa na marashi. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua na shuka mbichi, ikitoka kwenye chumba alichokisugua kwa mikono yake na kukifunga baada ya mazishi, na nyuma ya mlango ule kijiko kilikuwa kikigonga kikombe, taratibu, kikinyamaza, kikigonga tena, kama ilivyokuwa kila siku ya mwaka ule mrefu.

Alijua si mama. Hakuna aliyejua hilo kumshinda. Alijua pia nani amekifundisha kitu kile kugonga kikombe kwa kijiko, tena kwa mdomo wake mwenyewe, njiani. Lakini huenda hiki, angalau hiki, kingesema asante.

Akakunja mikono ya gauni lake.

"Abee, mama," akasema, akausukuma mlango.