Kampuni Ilikuwa na Jina Langu

Nina miaka hamsini na mbili, mama wa watoto watatu, mkulima wa kakao hapa Ikolo, wilayani Kyela. Nilifunga ndoa kanisani na pete bado ninayo. Wasomaji wenzangu, naandika haya kwa hasira!

Najua wapo watakaonicheka. Chekeni tu. Nimekwisha chekwa mjini Kyela hadi nimezoea.

Mimi na mume wangu, Baba Lusajo, tulijenga nyumba ya kupangisha pale mjini. Nikisema tulijenga, nieleweni vizuri. Kiwanja alinunua yeye, na hati ilikuwa na jina lake. Lakini matofali, nondo na mabati vilitoka kwenye shamba la kakao aliloniachia marehemu baba yangu. Misimu mingapi nilianika kakao juani bila kujinunulia hata kitenge? Wapangaji wetu walikuwa watumishi wa serikali waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine, watu wa mshahara, wanaolipa kodi bila kukimbizana. Ile nyumba ndiyo ilikuwa tegemeo la uzee wangu. Sikuwa na jingine.

Ili kumalizia vyumba vya mwisho tulichukua mkopo benki, nyumba ikawa dhamana. Kwa kuwa mimi ni mke, benki waliniita nikaweka sahihi ya kuridhia. Kodi ikawa inalipa deni taratibu, na sisi tunalala usingizi.

Shida ilianza Baba Lusajo alipopata wazimu wa loji. Alikwenda Matema kwenye msiba, akaona wageni wanavyolala kwenye vyumba vya kando ya ziwa, akarudi amebadilika. Akataka tukope tena, mkopo mkubwa, kwa nyumba ileile. Nikakataa. Benki nao wakamwambia bila sahihi ya mkeo haiwezekani. Basi akaninunia msimu mzima wa mpunga... chakula anakula, neno hasemi!

Siku moja akarudi ana uso wa bwana harusi. Akasema loji ameachana nayo, amepata akili nyingine. Tufungue kampuni, tena kampuni ya limited, na nyumba tuihamishie humo pamoja na deni dogo lililobaki. Alinieleza kuwa kampuni kisheria ni mtu mwingine kabisa. Deni lake ni lake, likiharibika wadai hawaji kubeba kuku wetu wala kugusa shamba la Ikolo. Tukifa, watoto wanagawana hisa bila kutoana macho.

Nikamuuliza kampuni itaitwa nani.

"Itaitwa wewe, Mama Lusajo. Tumpe Limited. Kwani nyumba ile ilijengwa na nani?"

Jamani! Mwanamke gani asingelainika? Tumpe ni jina nililopewa na bibi yangu, na tangu niolewe hakuna aliyelitumia. Nilikuwa mke wa fulani, kisha mama wa fulani. Leo jina langu linakwenda kuandikwa getini!

Hapa lazima niwaeleze jambo la kwetu. Sisi Wanyakyusa, mke hamsogelei baba mkwe wake. Tunaita ukutila. Humtazami usoni, huketi naye chumba kimoja, na ukisikia anakuja unapisha njia. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini, lakini mimi nililelewa hivyo na niliishika heshima hiyo miaka yote ya ndoa. Baba mkwe wangu nilimjua kwa kikohozi na kwa mgongo wake tu.

Basi, Baba Lusajo alipanga karatasi za kampuni zisainiwe wapi? Mwaya, nyumbani kwa baba yake! Eti mzee abariki jambo. Wakili akaja kutoka Mbeya. Akaja pia Lusajo, mwanangu wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na sita niliyemsomesha hadi chuo kikuu kwa kakao hiyohiyo. Wote wakaingia sebuleni alimoketi mzee. Na mimi? Nikaenda jikoni, nyuma ya nyumba, kupika wali na samaki mbasa wa kusherehekea kampuni yangu!

Baadaye Lusajo alinifuata na karatasi moja.

"Mama, weka sahihi hapa. Ni ya kuridhia nyumba ihamie kwenye kampuni."

Nikajifuta mafuta kwenye kanga, nikasaini juu ya ungo. Nikamuuliza kama ni hiyo tu. Akasema ni hiyo tu. Hakunitazama... lakini kuni zilikuwa mbichi na moshi ulikuwa mwingi, nikadhani ni moshi.

Kule ndani nikamsikia wakili akisoma kwa sauti: Tumpe Limited. Nikapiga kigelegele! Ndiyo, wasomaji, nilipiga kigelegele mwiko ukiwa mkononi.

Kibao cha bati kikatundikwa getini, maandishi mekundu. Wanawake wa sokoni wakaanza kuniita Mama Limited. Nilijifanya sipendi, lakini nilikuwa napita njia ile hata nikiwa sina shida ya kupita.

Kisha kodi ikaacha kufika nyumbani. Nikiuliza, Baba Lusajo ananiambia fedha za kampuni zinakaa benki, si kwenye kibubu cha mwanamke. Akawa anashinda Matema. Watu wakaniambia anajenga loji. Yeye akasema ni ya tajiri fulani, anamsimamia tu. Nikaamini, maana benki si walishasema bila sahihi yangu hakuna mkopo?

Masika yakaja. Mvua ikashusha mawe na tope kutoka mlimani, loji ikafukiwa karibu yote kabla haijaezekwa. Hapo ndipo nilipojua ilikuwa ya nani, kwa sababu mume wangu alilia kama aliyefiwa! Baada ya hapo akawa harudi nyumbani, na simu hapokei.

Nilikuwa sokoni nauza ndizi gari la dalali lilipopita na kipaza sauti. Inauzwa kwa mnada nyumba ya Tumpe Limited, aliyeshindwa kulipa mkopo wa benki! Akarudia. Tumpe Limited! Soko zima likanigeukia. Mimi, ambaye sijawahi kukopa hata chumvi bila kurudisha, natangazwa mdaiwa sugu barabarani!

Nilikimbilia benki na kitambaa changu cha kichwa kimefunguka. Binti wa mezani aliniamkia kwa adabu, akanisikiliza, kisha akaniambia hana ruhusa ya kuzungumza nami habari za mkopo ule.

"Kampuni ni yangu! Tumpe ni mimi!"

"Jina ni la kampuni, mama. Wewe humo si mwanahisa wala mkurugenzi. Kwa msajili yameandikwa majina mawili, la mumeo na la Lusajo."

Lusajo... Mwanangu!

Ndipo nikaelewa. Nyumba ikiwa ya mume, benki humwita mke. Nyumba ikiwa ya kampuni, wanaulizwa wenye kampuni, na wenye kampuni walikuwa wawili, mimi si mmoja wao. Walikubaliana, wakakopa. Sahihi yangu ya mwisho niliyokuwa nayo niliimaliza mwenyewe kwenye ungo.

Sikwenda nyumbani. Nilipanda bodaboda hadi Mwaya. Nikapita jikoni, nikapita mlango wa nyuma, nikaingia sebuleni na kusimama mbele ya baba mkwe wangu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ndoa nikamtazama usoni. Mzee akainua mkono kujiziba macho. Kisha akaushusha.

"Mkamwana, umeingia," akasema. "Keti basi, limekwisha haribika."

Nikamuuliza kilisemwa nini siku ile.

"Nilimuuliza mwanangu, mbona mkeo simsikii kwenye hizo karatasi, na nyumba ni ya kakao yake? Akasema umekataa mwenyewe, hutaki mambo ya kampuni. Nikasema aitwe, aniambie mwenyewe. Akanijibu, tata, unataka mkamwana wako aingie humu ulimoketi wewe? Nikanyamaza."

"Na Lusajo?"

"Lusajo alikuwa anatazama sakafu."

Wasomaji, nililia pale chini hadi nikakauka. Mtu mmoja katika dunia hii alikuwa ameniulizia! Kati yangu na yeye palikuwa na ukuta mmoja wa matofali mabichi, na mume wangu alijua kabisa kwamba sitauvuka.

Nyumba iliuzwa. Wakili mwingine niliyemwendea alisema naweza kushtaki, lakini niliridhia kwa mkono wangu, na kesi ingekula shamba. Baba Lusajo anaishi Matema, kwenye chumba kimoja cha loji kilichonusurika tope, alichokiezeka baadaye. Lusajo alinipigia simu, akasema, "Mama, yule ni baba yangu, ningemkatalia vipi?" Nikamuuliza, na mimi nilikuwa nani? Akalia. Nikakata simu, na hadi leo sijaweza kuipokea tena. Nyumba inauma, ndiyo... lakini usiku ninaloliona ni lile jicho lililokwepa langu kwenye moshi.

Mpangaji mmoja aliniletea kile kibao cha bati. Nimekifanya mlango wa banda la kuku, na jina bado linasomeka vizuri.

Sisemi kampuni ni mbaya, na heshima kwa wakwe sijaitupa. Lakini nakusihi, dada yangu unayesoma, usidanganyike kwa jina getini. Uliza hisa ni za nani. Uliza nani anaweza kukopa bila wewe. Na siku karatasi zinasainiwa upande wa pili wa ukuta, acha chungu kiungue... Ingia ndani!