Salha Hajasusa

Sogeeni karibu, wanangu. Nje mvua inanyesha, na hadithi hii nayo ni ya siku za mvua.

Palikuwa na msichana mdogo, jina lake Salha. Alikuwa na pengo moja mbele, na ulimi wake ulipenda kuchungulia hapo.

Salha aliishi Tanga na mama yake. Nyumba ya Bibi ilikuwa ng'ambo ya njia, karibu kabisa.

Zamani, tumbo la Salha lilikuwa likimsumbua. *Nguru, nguru, nguru!* Lilivimba, likauma, na Salha akakonda.

Daktari akampima. Akampima tena. Kisha akasema, "Salha, una ugonjwa unaoitwa seliaki. Tumbo lako haliwezi ngano. Hata kidogo."

"Hata chapati?" akauliza Salha.

"Hata chapati."

"Hata andazi?"

"Hata andazi."

"Hata mkate wa chai?"

"Hata mkate wa chai, mwanangu."

Salha akalia. Nani asingelia?

Tangu siku hiyo, Salha alikula wali. Alikula ugali wa mahindi, muhogo na ndizi za kupika. Tumbo likatulia, lakini moyo haukutulia.

Kila Ijumaa, watu wote wa nyumbani walikula kwa Bibi. Bibi alitandika mkeka. Katikati aliweka sinia moja kubwa la wali, bakuli la mchuzi, na chapati za moto.

Mikono ilikata chapati. Mikono hiyo hiyo ikaingia kwenye wali. Vipande vya chapati vikadondoka, *pu, pu, pu*, na wali wote ukaingia ngano.

Kwa hiyo Salha hakuweza kula kwenye sinia. Alikaa pembeni, karibu na mlango. Mvua ikamrukia miguuni, *chwa, chwa, chwa*.

"Sahani yangu. Kijiko changu. Peke yangu," akasema Salha.

Binamu yake, Mbwana, akacheka. "Tazameni! Salha amesusa!"

Mnajua kususa? Ni kukataa chakula kwa sababu umenuna. Umekasirika, basi huli na wenzako.

"Sijasusa," akasema Salha. Lakini alisema chinichini, na mvua ilikuwa na kelele. Hakuna aliyemsikia.

Bibi hakusikia, lakini aliona. Alimwona mjukuu wake akila pembeni kama mtu aliyegombana na watu. Bibi hakumaliza chakula chake siku hiyo.

Ijumaa nyingine ikafika. Mvua bado.

"Salha, njoo!" akaita Bibi. "Leo hakuna chapati. Leo nimepika vitumbua vya mchele. Kaa hapa, karibu yangu!"

Vitumbua! Vya duara, vya moto, vinanukia iliki. Salha akala kimoja. Akala cha pili. Bega lake liligusana na bega la Mbwana, na Salha akafurahi mno.

Jioni ikaingia. *Nguru, nguru, nguru!* Salha akajikunja kitandani. Akatapika. Akalia, "Mama, tumbo! Mama, tumbo!"

Mama akamwita Bibi. "Mama, vile vitumbua ulitia nini?"

"Mchele," akasema Bibi. "Nazi. Iliki. Sukari. Na kiganja kimoja cha unga wa ngano, vishikane. Kiganja kimoja tu!"

Bibi akafunika uso kwa kanga.

Msimcheke Bibi. Alidhani kidogo hakidhuru, na wengi wetu tunadhani hivyo. Lakini kwenye tumbo la Salha, kidogo kinadhuru.

"Mikono yangu imekuumiza, mjukuu wangu," akasema Bibi. "Sitakupikia tena." Akatoka, akarudi kwake huku mvua inamlowesha.

Maneno yale yalimuuma Salha kuliko tumbo.

Siku zile zilikuwa za huzuni. Mvua asubuhi. Mvua jioni. Bibi alikaa barazani kwake, haji. Salha alikaa dirishani kwao, haendi.

Ijumaa ilifika, na Bibi hakutandika mkeka. Salha alikula nyumbani.

"Sahani yangu. Kijiko changu. Peke yangu."

Siku moja Salha alichoka kulia. Akachukua mwavuli wa Mama. Mwavuli ulikuwa mkubwa, Salha mdogo. Akavuka njia, *chwa, chwa, chwa*.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumbo je?"

"Limepona. Bibi, mimi sijasusa."

"Najua, mama. Najua hujasusa."

"Wewe ndiye umesusa," akasema Salha. "Umesusa kunipikia."

Bibi akashtuka. Akacheka kidogo. Kisha machozi yakamtoka.

"Naogopa, Salha. Naogopa kukuumiza tena."

"Na mimi naogopa," akasema Salha. "Basi nitakuuliza. Kabla sijala, nitakuuliza kwanza."

Bibi akampakata. "Niulize. Niulize kila siku. Sichoki."

Wakakaa hapo barazani, wawili, wakitazama mvua.

Ijumaa ikaja tena. Bibi aliamka mapema. Akasugua sinia, *kwaru, kwaru, kwaru*. Akasugua sufuria, *kwaru, kwaru, kwaru*. Akanunua mwiko mpya, maana ule wa zamani ulikwisha koroga ngano nyingi.

Mchana Bibi akatandika mkeka. Akasimama mlangoni na sabuni. "Nawa mikono! Na wewe, nawa! Mbwana, rudi, hujanawa vizuri!"

Mbwana akatazama mkekani. Akaona wali wa nazi. Akaona samaki wa kupaka. Akatazama huku, akatazama kule.

"Bibi, chapati ziko wapi?"

"Chapati leo zimesusa," akasema Bibi. "Zimenuna huko dukani, ndani ya gunia la unga. Zimekataa kuja."

Watu wote wakacheka.

"Basi na mimi nasusa!" akasema Mbwana, akavuta mdomo. Lakini samaki alinukia vizuri mno. Mbwana akasusa kidogo tu, kisha akakaa.

Na Salha? Salha alikuwa kule kule karibu na mlango. Alikuwa ameshika sahani yake na kijiko chake. Alikuwa amezoea.

"Salha," akaita Bibi. "Mbona uko huko?"

Salha akaja polepole. Akapiga magoti mbele ya sinia.

"Bibi, umetia ngano?"

Mvua pekee ilisikika juu ya bati.

"Sikutia," akasema Bibi.

"Hata kiganja kimoja?"

"Hata chembe, mjukuu wangu."

Salha akaweka sahani chini. Akaweka kijiko chini. Akatia mkono kwenye sinia.

Mbwana akamwangalia. Akachambua mnofu mzuri wa samaki, akatoa miiba yote, akausogeza upande wa Salha.

"Kula," akasema. "Samahani. Hukususa."

Salha akala. Bega lake liligusana na bega la Mbwana. Goti lake liligusana na goti la Bibi.

"Sinia letu," akasema Salha. "Mikono yetu. Sisi sote."

Usiku, Salha akajilaza kitandani. Mvua bado. Mama akamfunika shuka.

"Mama, Jumatatu shuleni nitakula kwenye sahani yangu?"

"Ndiyo, mwanangu. Shuleni, sahani yako."

"Na kijiko changu?"

"Na kijiko chako."

Ulimi wake ukachungulia penye pengo.

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa, sinia letu," akasema Mama.

Mama akaweka sikio juu ya tumbo la Salha. Akasikiliza. Hakuna *nguru*. Hakuna kabisa.

"Linasemaje, Mama?"

"Halisemi kitu," akanong'ona Mama. "Limelala."

Na Salha naye akalala.