Baba Aliuliza kwa Wimbo

“Futa jina la baba yangu kwa hicho kitabu. Sasa hivi!”

Thuranira alibaki na kalamu hewani. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, Siakago. Alikuwa akiwaalika wazee kuimba na kupiga ngoma, maana watafiti waliomwajiri walitaka kujua kama muziki husaidia akili uzeeni. Kazi nzuri, sikatai. Lakini alikuwa mchumba wangu, na siri ya baba nilimpa yeye peke yake.

“Wambeti, nilitaka tumsaidie.”

“Nilimwambia mpenzi wangu kwamba baba anasahau. Sikumwambia karani wa utafiti! Baba mdogo Njiru akisikia, atasema baba hawezi kuuliza lile swali.”

Kwetu, siku ya posa, baba humuuliza bintiye mbele ya wote kama pombe ya wageni inywewe, yaani kama amekubali kuolewa. Bila swali hilo, hakuna ndoa.

Thuranira alirarua ukurasa, akanipa.

“Nimekosa. Hapa haandikwi mtu bila kukubali mwenyewe, na mimi nimemwandika mzee kama gunia la mtama. Lakini akikwama siku hiyo, mwanzishie wimbo anaoupenda. Kuna wazee husaidika.”

“Usinifundishe baba yangu! Tuonane siku ya posa.”

Niliondoka nimenuna, ukurasa mkononi. Nilimpenda, ndiyo maana nilikasirika hivyo.

Siku ikafika. Baba alishika kibuyu cha pombe ya asali, akanitazama. Mdomo ukafunguka, neno halikutoka. Wageni wakaangalia viatu vyao.

Baba mdogo Njiru akakohoa. “Si mnaona ndugu yangu hawezi? Wageni warudi kwao, tutaitana siku ingine.”

“Baba mdogo, ngoja kidogo,” nilisema.

Nikameza kiburi changu chote. Nikaanza ule wimbo wa kupalilia alionifundisha shambani nikiwa mdogo. Upande wa pili Thuranira akapokea kwa makofi, polepole. Kichwa cha baba kikaanza kufuata. Mara akaninyang'anya wimbo, na katikati yake akatia swali:

“Binti yangu, tuinywe hii?”

Jina langu hakulitaja. Hakulikumbuka, na iliniuma. Lakini aliuliza, na kila mtu alisikia.

“Mnywe, baba!”

Nikaonja, nikampelekea Thuranira kibuyu huku machozi yakinitoka. Akina mama wakapiga vigelegele hadi Njiru mwenyewe akacheka.

Baba akaniuliza, “Huyu kijana hufanya kazi gani?”

“Huandika wazee wanaoimba.”

“Na mbona mimi hajaniandika?”

Nikautoa ule ukurasa kwenye mkoba, nikampa mchumba wangu. “Leo muulize mwenyewe.”

Thuranira akapiga magoti. “Baba, unakubali niandike jina lako?”

“Andika,” baba akasema. “Na uharakishe, kabla sijasahau.”