Hodi ya Chausiku

Sogeeni, sogeeni. Aliyekaa nyuma haoni picha. Nawe, acha kumsukuma mwenzio!

Haya. Huyu ni Chausiku. Ana miaka mitano. Yumo garini, anarudi nyumbani kwao Muheza.

Walikwenda mbali, jamani! Walikwenda mpaka Sumbawanga kumsalimia Mama Mkubwa. Mbele yuko Baba, anaendesha. Kando yake yuko Mama. Nyuma wako Chausiku na kaka yake, Mbwana.

Kwao, wakirudi safari, mtoto mmoja hupiga hodi. Bibi yuko ndani, anasubiri. Bila hodi, Bibi hafungui mlango.

Mwaka jana hodi ilikuwa ya Chausiku. Lakini alilala garini, na Mbwana akaipiga. Asubuhi Chausiku akaamkia kitandani. Alilia huyo, mpaka kuku wakakimbia!

"Mwaka huu napiga mimi," alisema Chausiku.

"Ukilala, napiga mimi," alisema Mbwana.

"Silali ng'o!"

Ngrrr, ngrrr. Gari likaondoka Sumbawanga.

"Tumefika?"

"Bado kidogo," alisema Baba.

"Mimi niko macho! Macho kodo!"

Mbeya walilala kwa rafiki yake Baba. Asubuhi kulikuwa na baridi, hata ukipumua unatoka moshi mdomoni. Chausiku akapumua, haaa, haaa. Wee, raha iliyoje!

Wakafika mlima Kitonga. Barabara imejikunja, ikajikunja tena. Malori makubwa yalishuka polepole, hooo, hooo. Baba naye akashuka polepole.

"Kawia ufike," alisema Baba.

Chausiku alimtazama Baba yake. Dereva kama yule hayupo. Hayupo kabisa!

"Tumefika?"

"Bado kidogo."

"Mimi niko macho! Macho kodo!"

Mikumi, tembo walikuwa wanavuka barabara. Akapita mama, akapita shangazi, kisha mtoto. Magari yote yakasimama kumpisha mtoto wa tembo. Lo! Nchi hii ni nzuri, nyie!

Wakalala Morogoro. Kesho yake mchana wakaondoka tena. Ngrrr, ngrrr.

Mara, pshhhhh! Pancha!

Baba akatoa jeki. Mama akafungua nati, Mama ana nguvu huyo! Mbwana akavingirisha tairi la akiba. Chausiku akashika nati zote, na hakuangusha hata moja.

Lakini jua nalo halingoji mtu. Likaanza kushuka.

"Tumefika?"

"Bado kidogo."

"Kidogo cha nani hicho?" aliuliza Chausiku. Maskini, alikuwa amechoka.

Nje kulikuwa na mashamba ya mkonge. Mistari, mistari, mistari. Chausiku akaitazama, na macho yakawa mazito. Akanawa uso kwa maji ya chupa. Akajifinya mkono. Akaimba.

"Mimi niko macho. Macho ko..."

Kichwa kikaanguka begani kwa Mbwana. Ala! Chausiku, usilale! Mwiteni, watoto! Chausikuuu!

Wapi. Hasikii.

Gari likaingia Muheza. Likasimama mbele ya nyumba yao. Jua lilikuwa linazama.

Mbwana akashuka mbio. Akafika mlangoni. Akainua mkono apige hodi.

Kisha akageuka, akamtazama mdogo wake garini. Mdomo wazi, anakoroma, khrrr, khrrr.

Mbwana akashusha mkono.

"Tumsubiri," alisema.

Baba alikuwa amechoka sana. Mama alikuwa na njaa. Na ndani kulinukia wali wa nazi, mmm! Lakini Baba akakaa juu ya begi. Mama akakaa juu ya begi. Mbwana naye akakaa.

"Nyie, mbona hampigi hodi?" Bibi aliuliza kutoka ndani.

"Mwenye hodi amelala, Bibi," alisema Mbwana.

"Ahaa. Basi nami nasubiri."

Mbu wakaja. Nzzz, nzzz. Mama akapiga mbu. Pa!

Chausiku akashtuka. Akaona nyumba yao. Akaona giza linaingia. Midomo ikaanza kutetemeka.

"Nimelala! Mmeshapiga hodi!"

"Nani kapiga?" alisema Mbwana. "Sisi wote tuko nje, tunaliwa na mbu. Njoo bwana, tuna njaa!"

Chausiku akatazama. Kweli! Baba yuko nje. Mama yuko nje. Mlango umefungwa.

Akaruka kutoka garini. Kiatu kimoja kikabaki, hakujali. Akakimbia mpaka mlangoni.

Ngo, ngo, ngo!

"Hodi! Hodi humu ndani!"

"Karibuuu!" alisema Bibi. "Ni nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Chausiku! Nimerudi na watu wangu!"

"Karibu, Chausiku. Karibu na watu wako."

Mlango ukafunguka, kriii. Bibi huyo, mikono wazi!

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu! Umekua wewe!"

Wakala wali wa nazi mpaka wakashiba. Kisha Chausiku na Mbwana wakapanda kitandani. Bibi akashusha chandarua.

"Kaka," alinong'ona Chausiku. "Kwa nini hukupiga hodi?"

"Aa, ungetulilia mpaka kesho."

Chausiku akacheka. Akamkumbatia kaka yake, akamkumbatia sana.

"Kaka, mwaka kesho upige wewe."

"Tupige wote," alisema Mbwana.

Wakalala.