Ujumbe Uliomfisha Seremala kwenye Ngazi

Saa saba mchana duka la miwani lilikuwa limefurika hadi mlangoni, na fundi, koti jeupe juu ya gauni la njano, hakuwa na nafasi hata ya kumeza mate. Ghafla kijana mrefu, shati la samawati limenyooka kwa pasi, akaipita foleni yote huku akipapasa ukuta.

"Kaka, foleni inaanzia kule."

"Kule wapi? Naona ukungu mtupu." Akafungua kiganja, miwani vipande viwili. "Nimeikalia."

"Makusudi au bahati mbaya?"

"Kabla sijakuona, ilikuwa bahati mbaya."

Watu wakacheka. Fundi akajitia kununa, lakini miwani ile aliitengeneza kabla ya zote.

Mwezi haukuisha, simu zikawa haziwabanduki mikononi. "Umekula, laazizi?" "Nimekula. Na wewe, leo umemtisha nani?" Maana kijana huyu, ambaye fundi alimwita Mwandishi, alikuwa ameajiriwa na chama cha siasa kuandika jumbe za simu za kuomba michango. Kila ombi aliliandika kwa namna mbili, kila namna ikatumwa kwa watu mia mbili, na ile iliyovuta wachangiaji wengi ndiyo iliyokwenda kwa wanachama wote. Ndani ya jumbe hizo chama chake kilikuwa malaika wa kudumu na wapinzani mashetani wa kudumu. Fundi alicheka tu. Alikuwa amependa hadi masikio yameziba.

Jumapili moja Mwandishi alifika nyumbani kwa mama yake fundi na begi la vifaa, akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu mzee afariki. Hapo ndipo fundi alipomsimulia. Baba yake, seremala, alilazwa ghorofa ya tatu wakati lifti ya hospitali imekufa miezi minne. Majirani walimpandisha mabegani, naye njia nzima akiwatania kwamba wakimwangusha atawadai kitanda kipya. Alifariki siku mbili baadaye kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Mama mwenyewe alikuwa mgonjwa nyumbani, hakuwahi kumuaga. Na fedha za lifti? Madiwani wa vyama vyote viwili walizifuta kwa pamoja, mikono juu. Mwandishi alisikia yote hayo, akamfuta machozi.

Wiki iliyofuata mama alipiga simu dukani, sauti imekatika.

"Mwanangu, baba yako alifia kwenye ngazi?"

"Nani kasema, mama?"

"Chama kimeniandikia. Sikiliza: 'Seremala huyu aliachwa afe kwenye ngazi, peke yake, akimwita mkewe. Waliofuta fedha za lifti wanacheka. Changia leo kabla zamu ya mzazi wako haijafika.' Wametaja hospitali ile ile, ghorofa ile ile. Miaka miwili unaniambia alilala tu! Ulinidanganya, ee?"

Fundi akaapa kwa kila anachokijua. Mama akakata simu.

Fundi akampigia Mwandishi, naye akapokea kwa bashasha. "Asali wangu!"

"Asali ya mamako! Umemfanya nini baba yangu?"

Sauti ya Mwandishi ikashuka. Kisha, polepole: "Niliandika mbili, mpenzi. Ile ya kweli ilileta wachangiaji tisa. Hiyo nyingine, sitini na mmoja."

"Kwa hiyo umemuua mara ya pili kwa ajili ya watu hamsini na wawili."

Hakulia. Alitaka kitu kimoja tu: mama yake Mwandishi amtazame mwanawe kwa jicho lile lile ambalo sasa mama yake fundi anamtazama nalo binti yake.

Nafasi ikaja yenyewe. Chama kiliandaa chakula cha mchana cha kuchangisha fedha, wakubwa wakataka binti wa seremala asimame aseme machache. Mwandishi alipiga simu kwa woga, fundi akamjibu kwa sauti laini kabisa. "Nitakuja, mpenzi. Mlete na mama yako."

Alikuja na gauni jekundu lililomkaa sawasawa na karatasi moja mkononi. Ukumbi ulinukia manukato na nyama choma. Mwandishi, suti nyeusi, alimtabasamia kutoka meza ya mbele, mama yake kando, kilemba cha zambarau.

"Ndugu wapendwa," fundi akasoma. "Yupo mwanaume anayewinda nyumba za wafiwa. Aliingia kwa mjane akiwa na begi. Alimngoja binti alie, akamchota habari za marehemu, akaziuza. Amekaa pale." Akamnyooshea kidole.

Kila sentensi ilikuwa na chembe ya kweli, ila begi lilikuwa na spana za bomba, na hilo hakulisema. Mama mwenye kilemba akamgeukia mwanawe. "Ulifanya hivi?" Mwandishi akainamisha kichwa. Mama yake akachukua mkoba, akatoka bila kumngoja. Fundi aliona, na moyo wake ukashiba.

Ulishiba hadi asubuhi tu. Akiwa anakunywa chai, mama alimsogezea simu. Safari hii chama pinzani ndicho kilichoandika, na maneno yalikuwa ya fundi mwenyewe, yale ya ukumbini: mjane, begi, machozi. Chini wakaongeza, "Hao ndio wanaotaka kura yako. Changia leo."

"Huyu mwizi aliyeingia kwa mjane na begi ni nani?" mama akauliza.

"Ni yule aliyetengeneza bomba."

Mama akaweka kikombe chini. "Mbona bomba hukulisema?"

Aibu ilimpanda fundi usoni. Akampigia Mwandishi simu. "Mama yako anapokea simu zako?"

"Hapana. Na kazini wamenifukuza."

"Nipe namba yake, nitamwambia yaliyobaki. Halafu njoo hapa sasa hivi, umwambie mama yangu ulichomfanyia."

Alifika na shati la jana. Mama hakumpa kiti. Mwandishi akaeleza akiwa amesimama, wale tisa, wale sitini na mmoja, ngazi aliyoitunga mwenyewe. Mama akalia sana, kisha akamshika binti yake mkono. "Niambie tena jinsi alivyokufa. Safari hii nitaamini." Fundi akasimulia yote upya, na kitanda kile cha utani mama akakicheka katikati ya machozi.

Walipobaki wawili barazani, Mwandishi akauliza kwa sauti ndogo, "Bado unanipenda?"

"Nakupenda. Na sijakusamehe. Ukiulizwa, yaseme yote mawili."

"Nitayasema."

"Basi kesho uje tena."